Polima Yenye Chapa: Namna ya Kuitenga Sumukuvu Maabarani

Mwaka 2004 sumukuvu (aflatoksini) iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, wengi wao katika wilaya za Makueni na Kitui. Walikula mahindi yaliyolimwa huko huko, yakiwa na kuvu. Sumu hii haina ladha wala harufu, na ugali ukiiva vipi, sumu hubaki. Haiwezi kugunduliwa bila kipimo.

Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo ya mahindi. Kuipata chembe ndogo hivyo ni kazi. Unga ukichanganywa na methanoli na maji, sumu hutoka pamoja na mafuta na rangi za nafaka, na vitu hivyo hupotosha kipimo. Kwa hiyo sumu hutengwa kwanza. Maabara nyingi hutumia kingamwili, ambazo huchagua vizuri sana, ila ni protini: zinataka jokofu na ni ghali.

Mbadala wake ni polima yenye chapa ya molekuli, ambayo hustahimili joto na viyeyusho vikali. Molekuli ya kiolezo, yaani ya umbo linalotafutwa, huwekwa kwenye kimiminika chenye asidi ya methakriliki, ambayo huizunguka na kuishika. Kisha kemikali ya kuunganisha huongezwa, mchanganyiko ukaganda kuwa plastiki ngumu. Kiolezo kikioshwa, vijishimo hubaki, kama shimo la kokwa iliyobanduliwa kwenye udongo mkavu. Ndani ya vijishimo hivyo, asidi ile ingali mahali pake, tayari kushika molekuli ya umbo lilelile. Günter Wulff wa Ujerumani aliionyesha njia ya aina hii mwaka 1972. Klaus Mosbach wa Lund, Sweden, akairahisisha miaka ya 1980.

Sumukuvu yenyewe haifai kuwa kiolezo. Ni hatari kwa mtengenezaji, na mabaki yake huvuja baadaye yakafanya mahindi safi yaonekane na sumu. Watafiti hutumia dimethoksikumarini, inayofanana na sehemu ya molekuli ya sumukuvu. Hata ikivuja, mashine ya kupimia huitambua kuwa kitu kingine.

Polima hii hunasa pia vitu vinavyofanana na sumu, ndiyo maana mashine hiyo bado inahitajika. Wala si dawa ya kutia kwenye unga. Nyumbani, kausha mahindi hadi unyevu usizidi asilimia 13.5, uyaanike juu ya turubai na uyahifadhi juu ya chaga. Yaliyoota kuvu usimpe hata ng'ombe: sumu hupita hadi kwenye maziwa.