Alkeni na Polima za Nyongeza

Swali la polima huwapotezea watahiniwa alama si kwa ugumu wake. Wengi hukariri mchoro wa polietheni, kisha hukwama wanapopewa alkeni nyingine. Elewa kinachoipata bondi mbili, nawe utachora polima ya alkeni yoyote utakayopewa.

Alkeni ni hidrokaboni zenye bondi mbili kati ya atomi mbili za kaboni. Fomula yake ya jumla ni CₙH₂ₙ. Sehemu moja ya bondi hiyo ni dhaifu, hivyo hufunguka na kila kaboni hubaki na mkono mmoja wa kushika atomi mpya. Huo ndio mmenyuko wa nyongeza: vitu vinaungana na hakuna kinachotoka. Ukipitisha etheni kwenye maji ya bromini, rangi ya chungwa hutoweka. Andika "yanapoteza rangi", usiandike "yanakuwa safi". Maji hayo yalikuwa safi tangu mwanzo, na msahihishaji anajua hivyo.

Pasipo bromini, molekuli za etheni zinaweza kushikana zenyewe kwa zenyewe. Mwaka 1933, Eric Fawcett na Reginald Gibson, wanakemia wa kampuni ya ICI huko Uingereza, walibana etheni pamoja na benzaldehaidi kwa shinikizo kubwa mno wakitarajia kitu kingine kabisa. Walikuta masalia meupe kama nta. Ilikuwa polietheni. Baadaye ilibainika kwamba oksijeni kidogo huuanzisha mmenyuko huo, ndiyo maana kwenye masharti unaandika: joto la karibu 200 °C, shinikizo la zaidi ya angahewa 1,000 na oksijeni kidogo.

n CH₂=CH₂ → −[CH₂−CH₂]ₙ−

Tazama upande wa kulia. Bondi mbili haipo tena, na mistari ya pembeni inatoka nje ya mabano. Ukiiacha bondi mbili ndani ya mabano, umekosa. Usidanganywe na jina: polietheni si alkeni, na haiondoi rangi ya maji ya bromini.

Mtego mkubwa ni propeni, CH₃−CH=CH₂. Watahiniwa huona kaboni tatu, wakazipanga zote kwenye mnyororo. La! Ni kaboni mbili tu zilizokuwa na bondi mbili zinazoingia kwenye mnyororo. CH₃ inaning'inia pembeni. Kabla ya kuchora, iandike upya monoma hivi: CH₂=CH(CH₃). Polima yake ni −[CH₂−CH(CH₃)]ₙ−, ambayo ndiyo inayofumwa kuwa magunia ya sandarusi. Zoea hatua hiyo ya kuiandika upya, hata kama unaona inakupotezea muda.

Mnyororo wa bondi moja za kaboni na kaboni ni imara sana, na bakteria wa udongoni hawaumudu kwa urahisi. Hiyo ndiyo kemia iliyo nyuma ya marufuku ya mifuko ya plastiki, iliyoanza Kenya mwaka 2017 na Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Ukiulizwa kwa nini mfuko hauozi, taja bondi; "kwa sababu ni plastiki" halina alama.

Jipime: Polima yenye kitengo −CH₂−CHCl− ina masi ya molekuli 125,000. (a) Taja monoma yake. (b) Tafuta n. (c) Kwa nini si salama kuichoma? (C = 12, H = 1, Cl = 35.5)

Majibu: (a) Rudisha bondi mbili: CH₂=CHCl, kloroetheni. (b) Masi ya monoma ni 24 + 3 + 35.5 = 62.5. Kwa kuwa hakuna kilichotoka, n = 125,000 ÷ 62.5 = 2,000. (c) Hutoa gesi ya haidrojeni kloridi, ambayo ni sumu na huwa asidi inapokutana na maji.