Nani Analipa? Kusoma Kiingereza cha Mkataba wa Fremu

Kwa Kiswahili, neno moja, "atalipa", ni sentensi kamili: mtenda, wakati na kitendo vyote vimo. Kiingereza huvitenganisha, "he will pay", na kwa kawaida mtenda hutangulia kitenzi. Mpangaji wa fremu Kariakoo akiletewa mkataba wa Kiingereza, atafute kwanza kitenzi, kisha aulize mtenda ni nani. Ajihadhari zaidi na kauli ya kutendwa. "Repairs shall be paid for by the tenant" huanza na matengenezo. Mlipaji, ambaye ndiye mpangaji mwenyewe, amewekwa mwisho kabisa, nyuma ya "by". "Shall" humfunga, "may" ingempa hiari. Pasipo "by", huenda mlipaji hakutajwa: mwenye fremu aulizwe, na jibu liandikwe, kabla ya kutia sahihi.