Shida za utotoni hudhuru kimo na akili ya kijana

Mlezi anapomleta hospitalini kijana wa miaka 14 aliye mfupi kuliko wenzake, mwenye hasira za haraka na asiyeweza kutulia darasani, swali la kwanza huwa ni chakula. La pili, ambalo halifai kusahauliwa, ni hili: alipokuwa mdogo alilelewa na nani?

Umuhimu wa swali hilo ulionekana wazi nchini Romania. Serikali ya Nicolae Ceauşescu ilipoangushwa Desemba 1989, zaidi ya watoto 100,000 walikuwa katika makao ya serikali. Mfanyakazi mmoja alihudumia watoto wengi, na zamu ilipobadilika, sura nayo ilibadilika. Kuanzia mwaka wa 2000, wataalamu wa Marekani walifuatilia watoto 136 wa makao hayo mjini Bucharest. Kwa kura, nusu yao walipewa familia za kuwalea. Hao waliongezeka kimo na uzani upesi, na walipofika miaka 16 walikuwa na matatizo machache ya akili kuliko wenzao. Waliohamishwa kabla ya kutimiza miaka 2 ndio waliomzoea mlezi vyema zaidi.

Sababu ni gani? Mtoto mchanga hawezi kujituliza; hutulizwa na mtu anayemjua. Akimkosa, au akiishi kwa hofu ya vipigo, mwili wake hukaa katika hali ya hatari. Homoni za mfadhaiko huvurugika, na ile ya ukuaji huweza kupungua hata kama sahani imejaa. Anapobalehe, ubongo hubadilika sana, na majeraha ya zamani huweza kujitokeza kwa huzuni, ukali, kukosa usingizi au ulevi.

Si kila aliyeteseka hupatwa na haya. Lakini hapa kwetu yatima wengi huhamishwa kutoka kwa nyanya hadi kwa shangazi, kisha kwa mjomba. Jamaa wakikutana, wasigawane karo tu. Wakubaliane ni nani atakayekaa na mtoto.

Ewe mlezi, zingatia haya:

1. Mtoto awe na mtu mzima mmoja asiyebadilika.

2. Kimo na uzani wake vipimwe kliniki, na kadi itunzwe.

3. Kijana mkaidi asikilizwe kabla ya kuadhibiwa.

4. Akitaja kujiua, usimwache peke yake. Mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo.