Nepi za Kitambaa Hazina Aibu, Mdogo Wangu

Mdogo wangu, sogea tuongee. Najua umejifungua juzi juzi, usingizi huna, na kila anayekuja kumwona mtoto ana neno lake kuhusu nepi. Mama mkwe anasema pampasi zinamchoma mtoto. Wifi anasema vitambaa ni ushamba, siku hizi nani anakaa kufua? Wewe umezipanga nepi zako za taulo kabatini, unaziangalia kwa woga, na usiku unalia kimya kimya ukidhani wenzako wote wanajua kulea isipokuwa wewe. Hawajui, mpenzi. Kila mmoja ameanza hivyo hivyo. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na waliosema hivyo hawakuongeza kwamba kulea ni kumfurahisha wifi.

Nianze na hiyo aibu, maana inawaumiza wengi wenu kuliko kufua kwenyewe. Wewe, mimi, hata huyo wifi, tumekulia kwenye vipande vya khanga kuukuu vilivyofungwa kwa pini. Tumekosa nini? Ukimvalisha mwanao kitambaa huna ulichompunguzia. Ila ukikopa dukani kila wiki ili mtoto aonekane wa kisasa, deni utalilipa peke yako, wageni wakishakwenda zao. Hela ya pampasi ikitoka imetoka. Nepi ya kitambaa inafuliwa, inavaliwa tena, na ikitunzwa inamngoja mdogo wake. Na hizo pampasi zikichafuka zinakwenda wapi? Ukizitumbukiza kwenye choo cha shimo kinajaa kabla ya wakati wake. Ukizitupa mtaroni, masika yakifika maji hayana pa kupita, mtaa mzima unalia.

Lakini sitakudanganya, kitambaa kinataka kazi. Mtoto mchanga anaweza kuchafua nepi 10 hata 12 kwa siku, kwa hiyo ukiwa na dazeni moja utahangaika mvua ikinyesha siku mbili. Tafuta dazeni mbili. Chagua pamba, na nepi mpya zifue mara kadhaa kabla hujamvalisha, maana kitambaa kipya hakinyonyi vizuri. Khanga iliyochakaa usiitupe, ikikatwa ni laini kuliko vingi vya dukani. Ukikunja, mtoto wa kiume mwongezee unene mbele, wa kike katikati. Kitovu kikiwa hakijadondoka, ikunje nepi ikae chini yake, kipate hewa. Ukichoma pini, weka vidole vyako kati ya pini na ngozi ya mtoto, ikichoma ikuchome wewe. Na tafadhali usimkaze miguu ikanyooka kama askari kwenye gwaride. Nyonga za mtoto zinataka nafasi ya kukunjika na kupanuka.

Sasa sikiliza hapa, nakugombeza kidogo. Upele mnaousingizia kitambaa, mara nyingi unaletwa na kuchelewa kubadilisha. Taulo likilowa limelowa, mkojo unakaa kwenye ngozi, na kinyesi kikiongezeka ngozi inababuka. Halafu mtu anamvalisha chupi ya nailoni juu yake kutwa nzima ili shuka lisilowe! Shuka litafuliwa, mdogo wangu. Hiyo nailoni iwe ya safari tu. Nyumbani mkague mtoto mara kwa mara, usisubiri alie, na akishapata haja kubwa mbadilishe hapo hapo. Msafishe kwa maji, mkaushe hadi kwenye mikunjo, mwache wazi kidogo apate hewa, kisha mpake mafuta ya mgando kiasi. Poda achana nayo, vumbi lake linaingia kwenye mapafu ya mtoto. Ukiona wekundu uliokolea umeingia kwenye mikunjo, na vipele vidogo vimetapakaa pembeni, huenda ni fangasi. Mpeleke kliniki. Usimpake tyubu ya jirani, nyingine zina dawa kali zinazoharibu ngozi changa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tena kitambaa kina faida ambayo wengi hawaisemi: kinakueleza habari za maziwa yako. Najua unavyoteseka na lile swali la kama mtoto anashiba. Hesabu nepi. Kuanzia kama siku ya tano, mtoto anayenyonya vizuri hulowesha nepi sita au zaidi kwa saa 24. Zikifika hizo, na uzito unapanda kliniki, nyamaza na umshukuru Mungu. Zikipungua, usikae ukingoja kesho, mwone muuguzi.

Tuje kwenye kufua, huko ndiko mnakokatia tamaa. Kinyesi kitoe kwanza ukimwage chooni, ndipo nepi iingie majini. Msiniambie cha mtoto anayenyonya ni kisafi. Kina vijidudu, nawa mikono kwa sabuni kila baada ya kumbadilisha. Suuza kwa maji baridi, fua kwa sabuni, kisha suuza tena mpaka povu liishe, maana sabuni inayobaki ndiyo inayomwasha. Jiki usiizoeshe, inachosha kitambaa na kuudhi ngozi. Dawa ya kulainisha nguo nayo iache, inazuia nepi kunyonya. Anika juani, kwenye kamba, usitandaze majanini wala kuficha kivulini. Yupo inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, na mabuu yake huingia ngozini na kutoa uvimbe kama jipu. Kwa hiyo piga pasi, pande zote mbili, hata kama jua lilikuwa kali. Moto wa pasi unayaua mayai hayo.

Na ile ndoo ya kulowekea! Hili nitalirudia hadi mnichoke. Iwe na mfuniko, na ikae mahali mtoto hafiki. Mtoto anayetambaa akiinamia ndoo kichwa kinamzidi uzito, hawezi kujinasua, na maji kidogo tu yanatosha kumzamisha bila hata kelele. Usiseme naenda jikoni mara moja.

Kazi yote hii ni ya nani? Si yako peke yako. Mwambie shemeji yangu kwa upole, lakini mwambie: kuanika nepi hakumpunguzii mwanamume chochote. Kama una dada wa kazi, usimrundikie nepi za siku tatu halafu ushangae amenuna. Naye ni mtoto wa mtu. Na siku umeelemewa, maji yamekatika, au una safari ya basi kwenda kwenu, mvalishe pampasi bila kujitetea kwa mtu. Wapo wanaotumia kitambaa mchana na pampasi usiku, na watoto wao wanakua vizuri tu. Kupanga ni kuchagua, na anayechagua ni wewe unayejua maji yako, jua lako na mfuko wako. Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake, ndiyo maana hao wenye maneno mengi wanayasema wakiwa sebuleni.

Kwa hiyo zitoe hizo nepi kabatini leo. Iwe kitambaa, iwe pampasi, mtoto anahitaji kuwa mkavu, msafi na karibu nawe. Kubadilisha mapema ndiyo dawa, na huko kliniki usiogope kuuliza. Muuguzi ameshayasikia maswali yako kwa wenzako wengi, na hatakucheka. Akikucheka, uliza tena.