Tulimpigia Makofi Nani?

Asiyejua maana haambiwi maana. Mimi niliambiwa, tena mbele za watu.

Ilikuwa siku ya tamasha la muziki. Mashindano haya, yaliyoanza nchini mwaka wa 1927, yana kitengo cha piano pia, ingawa sisi wa huku kwenye majani chai twayajua zaidi kwa kwaya na ngoma. Mvulana wa shule jirani alitangulia. Aliburuza kidole kutoka mwanzo wa piano hadi mwisho, vrruum! kama lori la majani likiteremka mlima, akarudia tena na tena. Tulishangilia hadi mabati yakatetemeka. Kisha akaja msichana wa shule yetu, ambaye muhula mzima alikuwa akiamka kabla ya kengele ili afanye mazoezi. Akapiga kipande cha Johann Sebastian Bach, kifupi, kisicho na kelele. Huku nyuma kukaanza minong'ono. Mmoja wetu akapiga mwayo kwa sauti na watu wakacheka. Nami nilicheka. Alama zilipotolewa, huyo wetu ndiye aliyekuwa wa kwanza, lakini alikuwa amekwisha kutoka nje akilia. Wiki nzima hakuigusa piano.

Mwamuzi alituambia jambo moja: ule mburuzo hata mtoto wa chekechea aweza kuupiga, kwani ni ukucha tu unaoteleza. Basi mbona tulidhani ndio ufundi? Kwa sababu masikio yetu yalifuata kelele.

Piano ina vibonyezo 88: vyeupe 52 na vyeusi 36. Mwaka wa 1723 Bach aliwaandikia wanafunzi vipande 15 vya sauti mbili. Humo mkono wa kushoto si msaidizi wa wa kulia. Una maneno yake; mara unaiga yaliyosemwa na wa kulia, mara unatangulia, na vidole vyote vinaongozwa na kichwa kimoja. Hebu jaribu kuandika jina lako kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukiandika la jirani yako, ndipo ucheke.

Mchumaji chai hodari hapimwi kwa wepesi peke yake. Anayejaza kikapu mbio mbio kwa majani magumu atarudishiwa kituoni. Anayetakiwa ni yule anayechuma majani mawili na chipukizi, saa baada ya saa, bila kupunguza mwendo. Wapigaji piano wakubwa husikilizwa vivyo hivyo. Chukua zoezi la pili katika yale 12 ambayo Frédéric Chopin alichapisha mwaka wa 1833. Kidole cha kati, cha pete na cha mwisho vya mkono wa kulia, ambavyo ni vinyonge, ndivyo vinavyokimbia hatua ndogo ndogo kupanda na kushuka. Gumba na cha shahada vya mkono huo huo vina kazi nyingine kabisa. Akipiga fundi, utasikia kama upepo mwepesi tu na utasema, "Ni hayo tu?" Naam, ni hayo, na kuna watu wameumia mikono wakiyatafuta.

Franz Liszt naye, katika kile kipande chake cha kengele ndogo alichokikamilisha mwaka wa 1851, anaurusha mkono wa kulia mbali juu ya piano, kurudi, kisha kurushwa tena. Hapo usihesabu kasi. Sikiliza kama kengele inalia sawa kila mara.

Wala masikio ya namna hii si ya piano peke yake. Mwaka wa 1950 Hugh Tracey alifika Kapkatet akarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba "Chemirocha", jina waliloliunda kutokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka wa 1933. Wengi hupenda kisa tu, eti Chemirocha alikuwa nusu mtu nusu paa, wakaishia hapo. Lakini chini ya sauti zile kuna chepkong, zeze letu, linalorudia mzunguko mfupi ule ule bila kuchoka wala kuyumba. Jaribu kulifuata hilo peke yake na uyaache maneno. Ni kazi!

Sisi tuliocheka tulikwenda kumwomba radhi yule msichana. Alinyamaza kwanza, kisha akasema tutaketi upande wa kushoto wa piano na hakuna atakayefungua kinywa. Nilianza kuufuata mkono wa kushoto, nikaupoteza mapema kabisa. Mara ya pili nikafika katikati. Mara ya tatu niliushika hadi mwisho. Siku hizi anajifunza kipande kingine, na ametukataza tusikaribie mpaka akimalize.