Hilux au Land Cruiser?

Swali: Nanunua asali vijijini Sikonge, nauza Tabora mjini. Nichukue pikapu gani?

Jibu: Land Cruiser ya injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na tabo, ni ngumu kweli, ila inakunywa mafuta na bei yake inatisha. Sikonge hadi mjini ni lami, tope utakutana nalo vijijini tu. Kwa hiyo mimi ningechukua Hilux ya injini iitwayo 5L. Nayo haina tabo. Kabla ya kulipa, lala chini ya gari: tazama springi za nyuma kama zimepasuka, na chasisi kama imechomelewa. Ukiona rangi mbichi hapo, kwangua uone inaficha nini.