Kuongeza vyumba kwenye nyumba iliyo rehani: Tusidanganywe na udogo wa makato

WIKI chache zilizopita, baada ya darasa la Fiqh hapa Mbeya, ndugu mmoja alibaki msikitini akanivuta pembeni. Ana nyumba Kihesa, Iringa, aliyoijenga kwa mkopo wa benki kabla hajahamishiwa huku kikazi. Sasa anataka kuiongezea vyumba viwili apangishe wanafunzi wa vyuo.

Akaniambia: “Ustadh, ule mkopo wa mwanzo niliuchukua kwa kutojua, na nimeshatubia. Lakini benki wamenipigia simu. Wanasema wataufunga mkopo wa zamani na kunipa mpya, na makato yataongezeka elfu sabini na kitu tu kwa mwezi. Kwa kiasi hicho kuna ubaya gani?”

Swali hili si lake peke yake. Kuanzia Uyole na Mwanjelwa hadi Ipogolo, wapo wengi ambao tofali za kuchoma zimekwishapangwa uani, wanasubiri fedha tu. Hivyo tulitazame suala hili kwa hesabu, kwa sheria ya nchi, na kwa dini yetu.

Tuanze na hesabu. Tuchukulie deni lililobaki ni shilingi milioni 18, limebakiza miaka 6, na riba ni asilimia 18 kwa mwaka. Marejesho ni kama shilingi 411,000 kwa mwezi. Hadi amalize atakuwa amelipa karibu milioni 29.6.

Sasa anahitaji milioni 12 za ujenzi. Benki inajumlisha, inampa mkopo mpya wa milioni 30 wa miaka 15 kwa riba ile ile. Marejesho yanakuwa kama shilingi 483,000. Ni kweli, ongezeko ni elfu 72 tu kwa mwezi. Lakini jumla atakayolipa ni karibu milioni 87! Yaani kwa ajili ya vyumba vya milioni 12, ameongeza mzigo wa zaidi ya milioni 57. Siri ni kwamba deni la zamani, lililokuwa likielekea ukingoni, limerudishwa mwanzo na kutandazwa upya kwa miaka 15.

Wapo wanaosema: “Si nyumba itapanda thamani?” Itapanda, lakini gharama ya ujenzi si sawa na ongezeko la thamani. Unaweza kutumia milioni 12, mthamini akaona nyumba imepanda milioni 7 au 8 tu. Na chumba kilichojengwa bila kibali cha halmashauri kinaweza kisihesabiwe kabisa.

Upande wa sheria, Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inahesabu jengo lililoshikamana na ardhi kuwa ni sehemu ya ardhi hiyo. Maana yake ni kwamba hata ukijenga kwa akiba yako ya halali, bila kukopa senti moja, chumba kipya kinaingia kwenye rehani pamoja na nyumba. Ukishindwa kulipa, vyote vinauzwa. Aidha, mikataba mingi ya rehani inakataza kubadili jengo au kupangisha bila idhini ya maandishi ya benki. Usianze kuchimba msingi kabla hujausoma mkataba wako. Na bima nayo ijulishwe.

Jambo jingine ni familia. Sheria hiyo, pamoja na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, zinataka ridhaa ya mke au mume kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani. Nilimuuliza ndugu yetu mkewe anasemaje. Akanyamaza.

Ama kwa upande wa dini, ieleweke kuwa rehani yenyewe si haramu. Imetajwa katika Suratul Baqara aya ya 283, na imepokewa na Bukhari na Muslim kuwa Mtume (s.a.w.) aliweka deraya yake rehani kwa Myahudi wa Madina kwa ajili ya chakula. Hata hili la chumba kipya wanazuoni wetu wa Kishafii wanalo mfano wake: mnyama aliye rehani akinenepa, unene wake umo ndani ya rehani.

Kilichoharamishwa ni riba, na aya ya 278 ya sura hiyo inawataka waumini waache iliyobaki. Mwenye kutubia hajiongezei. Wala hapa hakuna hoja ya dharura. Chumba cha kupangisha ni biashara. Si dharura ya mtu asiye na pa kulala.

Basi afanye nini? Kwanza, fedha anayoipata aielekeze kumaliza deni la zamani mapema, baada ya kuuliza benki masharti ya kulipa kabla ya muda. Pili, akitaka kujenga, ajenge kidogo kidogo kwa akiba yake, kwa idhini na kibali. Tatu, aulize huduma zisizo na riba. Amana Bank ilianza mwaka 2011, na CRDB ilizindua Al Barakah mwaka 2021. Katika murabaha, benki inanunua saruji na mabati, kisha inakuuzia kwa bei inayojulikana, isiyokua ukichelewa. Hakikisha mali imenunuliwa kweli na benki kabla hujauziwa. Na kama ni ubia wa nyumba, iandikwe mapema: chumba kipya ni chako peke yako au ni cha wabia wote?

Ndugu yetu aliondoka akisema anakwenda kwanza kuzungumza na mkewe. Hapo ndipo pa kuanzia. Vyumba vinaweza kusubiri, na tofali za kuchoma haziozi.

Wallahu a'alam.